Birika na Ng'ombe wa Silinda Sita

Ukifika Katesh ukauliza Marieta Akonaay anapatikana wapi, watu watakukodolea macho kama umewauliza bandari iko upande gani. Uliza Birika. Hapo hata mtoto wa chekechea atakushika mkono akupeleke mpaka gereji yake mtaa wa Jorodom, na njiani atakusimulia kisa chote bure.

Jina lilimpata kwenye harusi. Na wala haikuwa harusi yake, hapo ndipo panapouma.

Binamu yake Wolfgang alikuwa anamwoa Judith, dereva wa Fuso la vitunguu saumu kutoka Bashay. Wolfgang ana Mark II nyeupe anayoipenda kuliko baadhi ya ndugu zake, na hao ndugu ninawajua kwa majina. Marieta, kama fundi wa ukoo, akataka kutoa zawadi ambayo hakuna shangazi angeweza kuileta imefungwa kwenye karatasi ya maua. Wiki ya harusi akatoa turbo kwenye gari bovu, akaifunga kwenye Mark II ya bwana harusi.

Kwa wale wenzangu wa pikipiki: turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, na ikizunguka inashindilia hewa ndani ya injini hiyo hiyo. Hewa nyingi, mafuta mengi, mlipuko mkubwa, gari linapaa. Shida ni kwamba injini ya kawaida imejengwa kubeba mlipuko wa kawaida. Ni sawa na mtu wa sahani moja umlishe sufuria tatu halafu umwambie akimbie.

Kutoka kanisani kwenda ukumbini kuna kamlima. Wolfgang, wageni wote wakimtazama, akaona bora awaonyeshe. Akakanyaga. Gari likapiga mluzi mmoja mtamu sana, kila mtu akageuka, halafu ndani ya boneti kitu kikasema pu! Mvuke ukatoka mbele, pembeni, chini. Bibi harusi akashuka kuangalia, maji mekundu ya kutu yakamrukia kwenye pindo la shela.

Sasa MC wa siku hiyo alikuwa Ignasi. Kama humjui Ignasi, shukuru. Alikuwa amesimama kwenye pikapu ya mbele na spika mbili, akaona ule mvuke, akashika maiki:

"Wapendwaaa! Maji yamechemka! Mama mkwe leta majani, sukari tunayo!"

Tarumbeta zilinyamaza kwa sababu wapigaji walikuwa wanacheka. Judith akavua viatu, akakunja shela, akapanda mlima kwa miguu na wageni nyuma yake kama maandamano. Jioni video iko kila mahali. Jumatatu asubuhi mimi nafungua kibanda changu cha kuchaji simu jirani na gereji ya Marieta, nakuta watu watatu wamepanga foleni wameshika chupa za chai. "Fundi, tujazie."

Ndiyo hivyo. Birika. Hata padri alijisahau siku moja akamwita hivyo, akakohoa.

Mtu mwingine angehama, au angerudi kuziba pancha za bodaboda mpaka watu wasahau. Mama yake, mama Efrazia, alipiga simu kutoka Maretadu: "Mwanangu, rudi tupalilie. Maharage hayachemki barabarani." Tukasikia Marieta anajibu, maana simu yake iko lauspika muda wote kwa sababu ya mikono ya grisi: "Mama, sikukosea kuweka turbo. Nilikosea kuiweka kwenye injini dhaifu. Nitajenga yenye nguvu, halafu nitaipandisha mlima mbele ya hao hao."

Mama akauliza mlima upi.

"Magara."

Simu ikakatika. Hatujui kama ni mtandao au ni mama.

Kama hujawahi kupita Magara, ni ule mlima unaotoka chini bondeni kuja Mbulu, kona juu ya kona, lori linapanda linalia kama limefiwa. Kuna kikundi cha vijana wapenda magari walikuwa wametangaza mashindano ya kuupanda, barabara ifungwe asubuhi moja, kila gari lipande peke yake lipimwe muda. Marieta alikuwa na nia, alikuwa na spana, na alikuwa na Mark II ya Wolfgang iliyokufa. Alichokosa ni injini.

Injini akaikuta imelaliwa na kuku.

Alikuwa ameitwa upande wa Basotu kutengeneza mashine ya kusaga kwenye boma la mzee Gidamis, mfugaji. Pembeni ya zizi kulikuwa na gari la chini chini la kijapani, lilipinduka zamani likikwepa ng'ombe, mwenyewe akaona kulivuta ni shida, akampa mzee kwa mbuzi wawili. Mzee akalifanya banda. Ndama wadogo siti ya nyuma, kuku mbele. Marieta akafunua boneti kwa umbea tu. Silinda sita, turbo ya kiwandani, na juu ya turbo kuna yai.

"Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Mashine imepona?"

"Imepona. Mzee, hili gari unauza?"

"Kuku walale wapi?"

"Injini tu. Kuku wabaki na gari lao."

Mzee Gidamis akaangalia gari, akamwangalia Marieta, akatema mate pembeni. "Kitu kikishaingia kwenye boma langu hakitoki kwa kuuzwa. Kuazima, naazima. Kama ng'ombe."

Na kule watu wakiazimana ng'ombe hawataniani. Mzee akamtajia masharti yote, kidole kwa kidole. Maziwa kunywa wewe uliyeazima. Ndama akizaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Mwenyewe anakuja kumwona mnyama wake siku yoyote anayojisikia. "Na akifa," mzee akasema, "unaniletea ngozi, siku hiyo hiyo. Ukileta ngozi, tunaongea. Nikisikia kwa watu kwamba ng'ombe wangu amekufa na wewe umekaa kimya, nakuja na mkokoteni wa punda, nachukua kilichobaki, na hapa hukanyagi tena."

"Injini haina ngozi, mzee."

"Siku hiyo utaijua."

Wakapeana mikono. Kuku walihamishwa kwa muda, na ninaambiwa hawakufurahi.

Ile siku injini inaingia Jorodom tulikuwa wengi pale gereji. Akaiweka juu ya lile jiwe bapa lililoletwa na tope lililoporomoka mlimani Disemba ile, jiwe ambalo hakuna aliyeweza kulisogeza, akaamua liwe meza. Akaanza kuifungua nati kwa nati. Anaosha kwa dizeli, anapima, anatandika juu ya magunia. Hakuwa na haraka. Wolfgang kila akipita anauliza "bado?", anajibiwa "bado", anaondoka kama mtu aliyekuja kuona mgonjwa.

Siku injini iko chini yote, vipande vimejaa magunia matano, ndiyo siku mzee Gidamis aliamua kuja kumwona ng'ombe wake. Akatokea na shuka lake na fimbo, akasimama mlangoni. Nilimwona uso unabadilika.

"Umemchinja!"

Watu wote wa barabarani wakageuka.

"Mzee, shikamoo, sijamchinja, namfanyia upasuaji."

"Upasuaji! Utumbo uko kwenye gunia, kichwa kiko kwenye beseni! Ng'ombe gani huyo atasimama?"

"Atasimama mzee. Kaa hapa nikuonyeshe."

Akakaa kwenye tairi, fimbo katikati ya magoti, akageuka hakimu.

"Hii nini?"

"Krenki. Ndiyo uti wa mgongo. Nguvu yote inapita hapa."

"Na hizi?"

"Konrodi. Ndiyo miguu. Kila mguu juu yake una pistoni, hii hapa. Ndiyo inayopigwa na moto."

"Miguu sita."

"Sita."

"Ng'ombe ana minne."

"Ndiyo maana huyu atawaacha."

Mzee hakucheka. Ila alikaa mpaka alipoona pistoni zote zimehesabika, na tangu hapo kila asubuhi, jogoo hajawika vizuri, simu ya Marieta inapokea ujumbe wa sauti. Mzee amejifunza kurekodi na hataki tena kuandika. "Fundi. Ng'ombe wangu ameamkaje?" Na Marieta anarekodi majibu akiwa bado na mswaki mdomoni: "Ameamka salama mzee, leo tunamvalisha ringi za pistoni."

Kazi aliyofanya, wale wanaojua wataelewa na msiojua mtaelewa hivyo hivyo. Kinachoua injini ya turbo ni kufumuka, kichwa cha injini kinataka kuinuka kwa presha kama kifuniko cha sufuria ya maharage. Pale kwenye harusi ndicho kilichotokea, gasketi inayoziba chini ya kichwa ikapasuka, moto ukaingia kwenye maji. Safari hii akapeleka bloku, mwili wenyewe wa injini, Arusha wakachonga silinda upya. Akaweka gasketi ya chuma ya tabaka tabaka. Boliti za kichwa akatupa, akaweka nene zaidi, akazikaza kwa spana ya kupimia, kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda pembeni, anakaza kidogo, anazunguka, anarudi tena. Rejeta akatoa kwenye Fuso la zamani la Judith akaikata ikaenea, na watu wakasema sasa birika limekuwa pipa. Akawajibu pipa halichemki upesi. Pistoni akaziangalia, zilikuwa nzuri, za kiwandani, akaona zitatosha. Pampu ya mafuta nayo akaiacha ile ile.

Shikilieni hapo kwenye pistoni na pampu.

Likaja swali la dereva. Wolfgang akajitolea. Judith akamtazama mume wake kwa muda, kwa upendo kabisa.

"Wewe kamlima ka ukumbini kalikushinda."

"Mke wangu, pale ilikuwa gasketi."

"Mimi ndiyo nilipanda kwa miguu na shela. Magara naishuka na kuipanda na tani za vitunguu kila wiki, kona zote naziita kwa jina. Wifi, nani anaendesha?"

Marieta hata hakuinua kichwa. "Wewe, wifi."

"Umesikia baba watoto?"

"Hatuna watoto bado."

"Ukiendelea kubishana hatutawapata."

Injini ilipofungwa kwenye Mark II na gari likawaka mara ya kwanza, Jorodom nzima ilisikia. Marieta akaomba ruhusa kwenye mashamba ya ngano, kule barabara za ndani zimenyooka mpaka unaona mwisho wa dunia, akawa anapima: Judith anakanyaga, Marieta pembeni na kompyuta mapajani, anaangalia geji, anaongeza mafuta, anapandisha presha ya turbo kidogo, wanarudia. Baridi ya asubuhi, hewa safi, geji zote ziko pale pale anapotaka. Gari lilikuwa tamu. Nilipanda mara moja, nikashuka nikasema asante sitarudia.

Wakati mashindano yamekaribia, wakalibeba Mark II juu ya lori mpaka chini Magara kwa majaribio. Wakalishusha, Judith akafunga mkanda, akaondoka. Kona ya kwanza safi. Kona ya pili mluzi ukapanda, ukapanda, halafu pa! Moshi mweupe uliochanganyika na bluu nyuma, gari likasimama.

Marieta alifungua injini pale pale kando ya barabara, juu ya turubai. Pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati, limeyeyuka kama mshumaa.

Halafu Wolfgang akaongea, bora angenyamaza.

"Sikiliza dada. Pistoni ni kitu kidogo. Tunanunua nyingine, tunafunga, mzee hatajua. Yuko Basotu kule na ng'ombe zake, nani atamwambia?"

Na kweli, nani angemwambia? Mimi nilikuwepo, na nakiri niliona Wolfgang ana akili. Mzee akijua, anaweza kuchukua injini, na injini ikienda, mashindano yamekwenda, na Birika atabaki Birika wa kujaziwa chupa maisha yake yote.

Marieta aliifunga ile pistoni kwenye kitambaa, akaiweka kifuani ndani ya koti, akawasha pikipiki yake aliyokuja nayo. "Amesema siku hiyo hiyo," akasema. Akaondoka. Ni mbali, jamani. Alifika kwa mzee jua linaelekea kuzama, uso umejaa vumbi, meno tu ndiyo yanaonekana.

Yaliyotokea huko alinihadithia mwenyewe. Mzee alikuwa anahesabu ng'ombe wanaingia zizini, akamsubirisha mpaka wa mwisho. Kisha akapokea kile kitambaa, akafungua, akaiinua pistoni juu, akaangalia mbingu kupitia lile tundu.

"Ndiyo ngozi, mzee," Marieta akasema.

"Amefia wapi?"

"Magara. Chini kabisa, hata hajapanda."

"Alikuwa anakula wapi?"

"Huku juu. Kwenye ngano."

"Ulimshusha lini?"

"Leo asubuhi."

Mzee akafyonza. "Binti, una akili timamu? Unamtoa mnyama kwenye baridi ya huku, unamshusha kwenye joto la bonde asubuhi, na saa hiyo hiyo unamkimbiza mlimani? Hata mbuzi wa kuiba hafanyiwi hivyo. Mnyama wa juu ukimshusha, unakaa naye kule chini kwanza, ale majani ya kule, anywe maji ya kule."

Marieta anasema alianza kucheka. Kachoka, kafiwa na pistoni, na mzee anamwambia injini ile majani ya Magara. Halafu kicheko kikamkauka.

Kwa sababu sisi watu wa juu tuna kosa letu, na hatulijui maana tumezaliwa nalo. Hewa ya huku ni nyepesi na baridi. Alipima injini kwenye hewa hii, mafuta yakatosha kwa hewa hii. Bondeni hewa ni nzito. Turbo inashindilia kama kawaida, geji inasoma kama kawaida, lakini kinachoingia ni kingi zaidi, na kina joto. Pampu ile ya zamani haikuweza kuleta mafuta ya kulingana nacho. Hewa ikazidi mafuta, moto ukawa mkali, pistoni ikayeyuka. Mtu wa Dar angepima chini tangu mwanzo, asingeuona huu mtego hata kidogo. Sisi tulikuwa tunaruka ndani yake tunaimba.

"Umeleta ngozi," mzee akasema. "Kwa hiyo tunaongea. Mguu mmoja umekufa, mitano iko. Mtibu. Lakini akifa tena, anarudi kulala na kuku, hata ukileta ngozi kumi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

"Sasa unywe maziwa, unaonekana kama mzimu."

Akarudi Katesh. Kesho yake akauza pikipiki. Akaagiza pistoni sita mpya, zile za kufuliwa, ambazo chuma chake kimegandamizwa kwa nguvu kikashikana, siyo kumiminwa kwenye kalibu kama uji. Akaagiza konrodi nene, pampu kubwa, na nozeli za kumwaga mafuta zaidi. Mbele ya gari akaweka rejeta ya pili, hiyo ni ya kupoza hewa yenyewe kabla haijaingia kwenye injini. Presha ya turbo akaipunguza. Wolfgang akalalamika kwamba wanapunguza nguvu. Akaambiwa nguvu isiyofika juu siyo nguvu, ni kelele.

Halafu akafunga vitu vyake, akahamia chini Magara.

Alipanga chumba kwa mama mmoja muuza mchele. Mbu walimla, joto lilimla, sisi watu wa Katesh tukishuka kule tunakuwa kama nguo iliyosahaulika chini ya pasi. Injini mpya lazima kwanza iende taratibu, sehemu zizoeane. Basi Judith, mwanamke ambaye hajawahi kumpisha mtu barabarani, akawa anatembeza gari la mashindano nyuma ya matrekta. Siku moja bodaboda ikawapita, imebeba mbuzi. Judith anasema yule mbuzi aliwaangalia kwa dharau.

"Wifi, nikanyage kidogo tu?"

"Hapana."

"Mbuzi ametuangalia."

"Mwache aangalie."

Zilipozoeana, Marieta akaanza kupima upya: chini kabisa, katikati ya mlima, juu kabisa. Kila sehemu na mafuta yake, hesabu yake akaiingiza kwenye kompyuta ya gari, ili kadri linavyopanda hewa ikibadilika, na injini ibadilike. Akikuta plagi ina rangi asiyoipenda, anarudi chini wanaanza tena. Judith alikuwa anaweza kulala usingizi kati ya jaribio moja na lingine, na akiamshwa anaamkia gia ya kwanza. Na kila asubuhi, sauti ya mzee: "Fundi. Amezoea majani?"

"Anayazoea, mzee."

Siku ya mashindano Magara ilijaa watu mpaka kwenye miamba. Na maiki, mnajua ilikuwa kwa nani. Ignasi alikuwa amesimama pale juu, mstari wa mwisho, mkononi ana pakiti ya majani ya chai, anaipunga. "Wapendwa! Gari linalofuata mnalijua! Vikombe viko wapi?" Watu hoi. Marieta alikuwa kando ya mstari, mikono mfukoni. Mzee Gidamis alikuwa karibu naye na shuka jipya. Nyuma yake, na naapa hili silizidishii, ulikuwa umeegeshwa mkokoteni wa punda. Alikuwa ameukodi palepale. Mzee hatanii.

Ukiwa juu hulioni gari, unalisikia tu. Tukasikia linaondoka. Tukasikia kona ya kwanza. Kona ya pili, ile ya pistoni, Marieta akafumba macho. Ikapita. Mluzi ukawa unapanda na mlima, unapotea nyuma ya mwamba, unarudi. Halafu ukapotea, haukurudi.

Kimya.

Ignasi akashusha maiki. Mzee akageuka akamtazama punda.

Kumbe Judith alikuwa amekuta jiwe limeporomoka kwenye kona nyembamba, akaachia mafuta kabisa, akalikwepa kama anavyolikwepa na Fuso kila wiki. Sisi hatujui. Sisi tumesimama tunaisikia mioyo yetu. Halafu, kutoka chini chini, ule mluzi tena, mwembamba, unanenepa, na Mark II nyeupe ikatokea kona ya mwisho imelalia upande, mavumbi nyuma, ikapita mstari kwa sauti ambayo bado ninayo masikioni.

Ignasi alikimbia na maiki yake kufungua boneti, nchi nzima ishuhudie mvuke. Akafungua. Hakuna mvuke. Akanyoosha mkono kwenye kifuniko cha rejeta, Marieta akampiga kibao cha mkono.

"Hicho hakifunguliwi cha moto! Unataka kuungua?"

Na Ignasi, nampa haki yake, akaweka maiki mdomoni akasema taratibu: "Wapendwa... halijachemka."

Kelele zilizopigwa hapo, ng'ombe wa Mbulu waliacha kula.

Hawakuwa wa kwanza. Gari moja la kutoka Arusha liliwashinda kwa kitambo kidogo, na Judith hadi leo anasema ni lile jiwe. Wa pili wanapewa kikombe, cha rangi ya fedha, ukubwa wa bakuli la mboga. Marieta alikuwa amekishika kwa mikono yote miwili, anatabasamu na machozi, mzee akasogea.

"Hicho nini?"

"Kikombe, mzee. Zawadi yetu."

"Kimetoka kwa ng'ombe wangu?"

Marieta akaanza kuona inakoelekea. "Ndiyo, mzee."

"Basi ni ndama." Akanyoosha mkono.

Judith bado ana helmeti kichwani: "Mzee! Mimi ndiyo nimeendesha!"

"Umechunga vizuri, mwanangu, Mungu akubariki. Ndama ni wangu."

Wolfgang akafungua mdomo, Marieta akamkanyaga mguu. Akampa mzee kikombe kwa mikono miwili, kama inavyopaswa. Mzee akakiweka kwenye mkokoteni, kumbe na wenyewe umepata kazi. Akamgeukia Ignasi. "Na hayo majani. Wewe huna maji ya moto." Akachukua pakiti, akaondoka.

Injini ilibaki. Iko Jorodom mpaka leo, bado ya mzee, bado imeazimwa. Marieta anakunywa maziwa yake: malori ya vitunguu ya Bashay yenye turbo zilizochoka yanamfuata yeye, na kuna jamaa wawili wa Babati wamemletea magari wakisema wanataka "kama ile ya Magara". Pikipiki hajanunua nyingine, anasema kwanza mashine ya kuchongea silinda, amechoka kwenda Arusha. Chupa za chai bado zinaletwa, siku hizi zikiwa zimejaa, watu wanamnywesha. Jina halijatoka wala hajaliomba litoke.

Wiki iliyopita mzee Gidamis alimtumia picha, ya kwanza maishani mwake, imepigwa upande. Ni kile kikombe, kimewekwa kwenye dashibodi ya lile gari la kuku. Ndani yake kuna yai. Na chini, sauti: "Fundi. Huyu ndama wangu naye amezaa. Mashindano mengine lini?"

Haya, zamu yenu wadau. Wewe uliyeazimwa kitu kwa masharti ya ng'ombe, wewe uliyepewa jina ukumbini likakufuata mpaka ofisini, wewe fundi ambaye injini yako ilikuaibisha mbele ya wakwe, mwaga kisa chako hapo chini. Usifiche jina lenyewe, tunalitaka. Na kama ni wewe uliyempa mtu jina, anza kwa kumwomba radhi. Ignasi, tunakuona uko mtandaoni.